Mwashi wa Uwandani na Majina Kumi na Saba

Umande haujakauka juu ya makuti, na tayari Barka amechutama kando ya shimo la chokaa, akiikoroga kwa mti mrefu. Chokaa hii imeloweshwa siku arobaini. Anaichota kidogo, anaipikicha kati ya vidole viwili, kisha anatikisa kichwa.

"Bado ina changarawe," anamwambia mkewe, Esha.

"Changarawe iko machoni mwako," Esha anamjibu, akiongeza maji. "Jana ulisema hivyo hivyo."

Mwashi huyu, anayekisia kuwa ana miaka hamsini, anatayarisha sehemu ya pili ya katiba ya Uwandani, mji mchanga wa bara unaotazamana na Faza. Sehemu ya kwanza aliichonga mwaka jana, 1911, katika ukuta wa baraza la mji. Ilibaki kidogo akose sauti katika mji alioujenga kwa mikono yake.

Uwandani ulianza miaka minne iliyopita, kwa kisima. Nyumba kumi na saba zilichimba dhiraa ishirini na mbili za mchanga na mwamba. Kumi na moja zilikuwa za waungwana wa Faza na Amu; sita zilikuwa za watu walioachwa huru na sheria ya mwaka 1907, Barka akiwa mmoja wao.

Maji yalipopatikana, wazee waliona kwamba mji hauwezi kuendeshwa kwa maneno ya mdomo. Wakaafikiana masharti matatu: kisima ni cha wote, ardhi haiuzwi bila baraza kuridhia, na kila nyumba ambayo jina la mkuu wake limechongwa ukutani ina sauti moja.

Katibu wa baraza, Bwana Mohdhar, ndiye aliyeandika rasimu. Kwa mazoea ya zamani, nyumba sita za walioachwa huru alizihesabu ndani ya nyumba za waliokuwa mabwana zao. Majina yakawa kumi na moja.

Barka hakujua. Hasomi, huchonga herufi kwa kufuatisha karatasi aliyowekewa mbele. Naye alikuwa amekwisha kuupaka ukuta chokaa kwa kipimo chake mwenyewe, shubiri moja kwa kila jina. Alipomaliza jina la kumi na moja, karatasi ikaisha, ukuta ukabaki.

"Ewe Barka, mbona umetuwatia pengo?" Bwana Mohdhar aliuliza.

"Nilipima kwa waliochimba kisima, Bwana. Nimekosea hesabu?"

Chokaa mbichi haina subira. Ikishika, haichongeki tena. Walikuwa na muda hadi alasiri tu. Baadhi ya wazee wakashauri pengo lijazwe nakshi ya maua.

Ndipo Bi Hindu, mjane wa Amu ambaye nyumba yake ndiyo iliyommiliki Barka, aliposema kutoka nyuma ya pazia:

"Mwataka mimi nimsemee Barka? Nilipokuwa nikimtuma sokoni hakunisikiza, yeo nitajuaje yaliyo moyoni mwake? Mwandikeni, aseme mwenyewe!"

Watu wakacheka, na kicheko kikawalainisha. Bwana Mohdhar akashika kalamu. "Barka bin nani?" akauliza. Barka, aliyetekwa angali mdogo, halikumbuki jina la baba yake. Akaandikwa "Barka Mwashi". Wenzake watano nao wakaandikwa kwa kazi zao.

"Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha Bi Hindu," anasema. "Na Bwana Mohdhar pia. Kurudi nyuma mbele ya watu si jambo jepesi. Angeweza kuniamuru nichonge maua, nami ningechonga."

Tangu hapo amesema barazani mara moja: aliomba kisima kijengewe ukingo, watoto wasije wakatumbukia. Ombi likapita. Ukingo aliujenga yeye.

Sasa nyumba mpya zinaongezeka, na baraza limemwagiza apake ukuta wa pili. Jina la kwanza litakuwa la mwanawe, Athman, atakayeoa mwezi wa Mfungo Sita.

"Neno 'bin' nimelichonga mara kumi, na 'binti' mara moja kwa Bi Hindu, yote kwa ajili ya watu wengine," anasema Barka, mikono imekuwa myeupe hadi viwikoni. "'Bin' la kumi na moja ni langu. Athman bin Barka."

Anaichota chokaa tena, anaipikicha.

"Esha, bado nimekataa," anamwambia mkewe. "Katika ukuta huu haitaingia changarawe hata moja."