Nyoka Aliyetoweka Wakati wa Maombi

Leo nimepoteza nyoka darasani. Nyoka mzima, anayepumua.

Kazi yangu ni kupeleka wanyama wa makumbusho mashuleni, watoto wawaguse wajifunze. Leo nilikuwa shule moja hapa Mwiki. Huyu nyoka hana sumu, lakini hebu jaribu kuambia darasa zima hivyo.

Nikawafundisha kwamba nyoka hawezi kujipasha joto mwenyewe. Sasa tumguse! Mwalimu wao akasema, "Ngoja kwanza tuombe."

Tukafunga macho. Na mnajua vile maombi huwa marefu.

Amina. Kufungua macho, sanduku la nyoka liko wazi, nyoka hayumo.

Wueh!

Ningepiga kelele, watoto wangekanyagana mlangoni. Nikasema polepole, "Kila mtu apandishe miguu kwa kiti."

Mwalimu alikuwa ameshaelewa. Alikuwa juu ya meza.

Ndipo Wambui, msichana wa kiti cha mbele, akafungua zipu ya sweta. Kichwa kidogo kikachungulia.

Akaniambia, "Ticha, kuna baridi. Si umesema hawezi kujipasha?"

Mwalimu anataka kumwadhibu kwa kufungua macho wakati wa maombi. Mimi nataka kumpa kazi yangu.

Nyinyi mko upande gani?