Filimbi ya Nusu Wimbo

Msiniambie nilikuwa na usingizi. Ilikuwa asubuhi, uji nimeshakunywa, na akili zangu zilikuwa hizi hizi. Niliyoyaona pale chemchemini, chini ya msitu wa Ngorongoro, niliyaona kwa macho yangu mawili. Asiyetaka kuamini aache, simlazimishi.

Mdogo wangu wa kiume, Tluway, alikuwa mpishi wa kambi za watalii. Huko akakutana na mgeni kutoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, akamfundisha filimbi za kwao: vipande vya mianzi, virefu kwa vifupi, vimefungwa pamoja kama uzio mdogo. Ila zina ujanja wake. Sauti za wimbo zimegawanywa kwa filimbi mbili. Mimi nikipuliza moja, inayofuata iko kwa mwenzangu. Ukiwa peke yako unapiga wimbo wenye mapengo. Tulichonga zetu wenyewe kwa mianzi ya kwetu, na jioni tulikuwa tukijibizana mpaka mama anatufukuza jikoni.

Masika yale Tluway akachukuliwa na maji ya korongo, akirudi kutoka Kansay. Tulimpata, tukamzika. Filimbi yake hatukuiona.

Sasa, kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo hukaa kando. Hamchanganyiki na majirani, na chemchemi ya wote hamuigusi mpaka muda uishe. Mama alinikanya. Mimi nikasema, maji ndiyo yaliyoua, mbona tunaadhibiwa sisi? Nilikuwa na hasira na dunia nzima. Nikabeba mianzi yangu mibichi, maana mwanzi usipolowekwa huliwa na wadudu, nikaenda kuiloweka pale pale nilipokatazwa.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Nikailaza mianzi majini, nikaiwekea mawe, nikatoa filimbi yangu, nikakaa kupuliza nusu yangu. Nikatoa sauti ya kwanza. Ya pili ikatoka ng'ambo ya maji.

Jamani, niaminini. Ilikuwa na mkwaruzo wa ule mwanzi wa Tluway uliopasuka, aliouziba kwa nta ya mshumaa. Nani mwingine angekuwa nao? Ukungu ukafunguka kidogo nikamwona, amevaa koti lake la mvua, filimbi mdomoni. Nililia kwa furaha, sioni aibu kusema.

"Tluway! Vuka, mdogo wangu!"

"Maji yamejaa, dada," akasema. "Siwezi. Njoo wewe unishike mkono."

Maji yale hayafiki kwenye kifundo cha mguu. Mbuzi huyavuka huku wanatafuna. Lakini nikaingiza mguu mmoja, yakanifika gotini. Akapuliza tena, na mguu wa pili ukaanza kujiinua wenyewe. Hapo nikamkumbuka mama, aliyebakiwa na mimi tu.

"Nakupenda, Tluway," nikamwambia, "lakini sivuki!"

Nikashika mizizi, nikajivuta mpaka ukingoni, nikaweka filimbi mdomoni na kupuliza kwa hasira. Kila zamu yake ilipofika nilikanyaga ardhi, puu, ili sauti yake isipate pa kuingilia. Wimbo ulipokwisha, ng'ambo palibaki majani na ukungu. Suruali yangu ilikuwa imelowa mguu mmoja, mpaka gotini.

Mguu huo haujapata joto hadi leo, hata niuweke jikoni karibu na moto. Wazee walitaka niichome filimbi. Nikawaambia wanichome na mimi. Walipoamua nianze upya kukaa kando, nilikubali, nikautimiza muda wote kwa heshima ya mama. Filimbi sikuitoa.

Siku hizi napiga kwenye hoteli za Karatu, nusu yangu ile ile, na kila penye pengo nakanyaga. Watalii wanapiga makofi, wanadhani ndiyo ngoma ya kwetu. Wacha wadhani. Kuna siku nachelewa kukanyaga, nasikia mkwaruzo nyuma yangu. Sigeuki.

Na wewe unayenisikiliza, heshimu katazo la maji kuliko nilivyoliheshimu mimi. Ila kama siku moja utaitwa ng'ambo na mtu uliyemzika, usimtukane wala usikimbie. Mwambie unampenda. Kisha kanyaga chini.