Duka Lililougua Malaria

Karatasi ya kodi ilitupa siku tano, la sivyo duka la mama litafungwa. Pesa yetu ilikuwa kijijini Luvungi, kwa wakulima waliochukua chumvi na sabuni, wakaahidi kulipa wakishauza mpunga. Mama akaamua kupeleka nusu na kuomba muda.

"Weye ndiye unasoma Kifaransa, andika barua!" akaniambia.

Barua rasmi niliyoijua ilikuwa moja tu: ile ya kuomba radhi kwa kukosa shule. Niliwahi kuiandika mara nyingi, bila mama kujua. Nikatoa jina langu, nikaweka la duka.

Kwenye biro, ofisi ya kodi, tuliketi kwenye benchi. Afisa alisoma, akasoma tena.

"Mama, duka lako liko na malaria?"

Mama akanigeukia polepole. Nilikuwa nimesahau kufuta ugonjwa.

"Ndiyo, shefu," nikajibu haraka. "Homa itashuka Luvungi wakiuza mpunga."

Afisa alicheka mpaka akavua miwani. Akapokea ile nusu, akagonga muhuri: mwezi mmoja.

Tulipotoka nje, mama akanishika sikio. "Na weye, hiyo malaria imekushika mara ngapi?"