Koili Iliyozungushwa kwa Cherehani

Mwanzoni mwa miaka ya sabini duka la baba mjini Nyeri lilikuwa na meza mbili. Ya dirishani ilikuwa yake, ya kutengeneza redio. Ya ndani ilikuwa yangu, ya cherehani. Yaani yeye alikuwa fundi, na mimi nilikuwa msichana wa kushona sare za shule. Jambo hilo lilinikera, na sitadanganya kwamba nililivumilia kwa upole. Kila baba alipotoka, nilihamia dirishani.

Bendi zilituletea magitaa ya umeme kwa kuwa hazikuwa na pengine pa kuyapeleka. Wapigaji walibishana juu ya nchi: huyu anasifu Italia, yule Amerika, na wote wanaicheka Japani. Walichotazama ni rangi na jina lililoandikwa kichwani. Mimi nilikuwa nimeyaona matumbo. Gitaa la Italia lilikuwa na vitufe vingi kama kodiani ya mwomboko, ngoma ya Wakikuyu, na nusu yake sikuwahi kujua ni vya nini. La Japani waliliita la bei ya chini, lakini ndani nyaya zilipangwa kwa adabu hata nikaionea aibu kazi yetu. La Amerika lilikuwa na vitu vichache, vizito, vilivyofungwa na mtu asiye na haraka. La Uingereza nililiona mara moja tu, na baba alianza kulisifu kabla hatujatoa skrubu ya kwanza.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa kutoka magharibi mwa Kenya aliyepiga solo wikendi, alikuwa na gitaa la Amerika. Chini ya nyuzi lilikuwa na vinasa sauti viwili, vile vipande vya sumaku na koili ya waya vinavyopeleka sauti kwenye amplifaya. Jumatano moja alikuja kinasa kimoja kikiwa kimekufa, na Jumamosi alasiri kulikuwa na bugi, dansi ya vijana.

Baba alikipima akatikisa kichwa. “Waya imekatika ndani kabisa. Hii ni kazi ya Nairobi, mwalimu. Huku hakuna mtu anaweza.”

“Basi nitapiga na hiyo ingine,” mwalimu akasema. “Kaza tu funguo za nyuzi, mzee. Lakini hiyo imekufa msiiguse. Ni kitu ya Amerika.”

Huku hakuna mtu. Maneno hayo yalinichoma usiku kucha.

Kesho yake baba alikwenda Othaya kwa mteja. Nilifungua gitaa, nikatoa koili iliyokufa, nikachukua waya mwembamba kama unywele kutoka transfoma ya redio mbovu. Kisha nikakibandika kinasa kwa nta pale cherehani inapojazia bobini, nikaanza kukanyaga pole pole. Waya ulipita kati ya vidole vyangu. Ukiuvuta sana unakatika, ukiulegeza unajikunja. Ulikatika mara mbili, nikatukana, nikaanza upya. Lakini vidole vilivyoshika uzi tangu darasa la nne vilijua la kufanya, na siku hiyo nilizishukuru sare zote nilizokuwa nimezilaani.

Baba aliporudi aliona vipande vya waya sakafuni. “Maitu,” akaniita, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, “umefanya nini?”

Nikamweleza. Mita ilionyesha waya ni mzima, lakini mita haina masikio, na amplifaya ilikuwa kwenye ukumbi wa dansi.

“Kama umeharibu, ati nitamwambia nini? Hii duka ni jina yangu. Ikikataa Jumamosi, hutagusa meza yangu tena.” Baba hakuwa mtu wa kurudia neno. Niliogopa sana.

Jumamosi tulimpelekea mwalimu gitaa lake ukumbini. Akaanza na kinasa kizima.

“Mwalimu, geuza swichi,” nikasema.

“Ile imekufa, dada.”

“Geuza tu.”

Akageuza. Sauti ikatoka kali na safi, ikafika hadi kwa wauza karanga mlangoni. Mwalimu akacheka. “Kumbe Amerika imefufuka.”

“Hiyo si Amerika. Hiyo ni Nyeri. Nimeizungusha mimi, na cherehani. Amerika ni ile ingine.”

Alinitazama, akamtazama baba, kisha akaanza kugeuza swichi huku na huku: Amerika, Nyeri, Amerika, Nyeri. Bendi nzima ikakusanyika. Mpiga besi akasema Amerika ni nene zaidi, na sitaficha, alisema kweli. Lakini dansi ilipoanza na solo ikafika, mwalimu aliipeleka swichi Nyeri, na hakuirudisha mpaka watu walipokwenda nyumbani. Nilijivuna, na hadi leo najivuna bila kuomba radhi.

Baba alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani.

Jumatatu nilipofika dukani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na gazeti lake. Sikuuliza. Nikaketi dirishani. Mara akaingia mtu wa Karatina amekumbatia redio, akamuuliza baba kama inaweza kutengenezwa.

“Uliza fundi,” baba akasema bila kuinua macho.

Yule mtu alitazama meza ya dirishani, akaniona, akachungulia nyuma yangu. Nikamwacha atafute kidogo.