Siku Nilipoangukia Mwisho wa Hadithi

Nianze na lile ambalo watu wa kwetu hawajaacha kunikumbusha hata leo, ili mtu mwingine asije akawadokezea kabla yangu: yule kijana aliyeanguka kutoka kwenye dari la kuni, akatua juu ya chungu cha githeri, yaani mahindi na maharagwe, katikati ya wanawake saba, tena akiwa ametahiriwa na amevaa suruali ndefu ya shule, alikuwa mimi. Mmeshacheka? Chekeni mmalize, kwa maana bado hatujafika kwenye habari ya suruali.

Nimetembea sana tangu wakati ule. Nimeuza mbao Makutano, nimewaandikia watu barua Muthara kwa malipo ya ndizi na maziwa, nimelala katika miji ambayo sikumbuki hata soko lake lilikuwa upande gani, na sasa nimepita arobaini na bado miguu hainitulii. Lakini kokote nilipo, nikinusa moshi wa kuni mbichi tu, narudi jikoni kwa Cucu, nyanya yangu mzaa baba, na matako yanaanza kuniwasha.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakoloni wakipigana na vijana wetu walioingia msituni. Serikali ilikuwa imetutoa mashambani kwetu, juu ya mji wa Embu, ikatupanga katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki lenye vijiti vilivyochongwa limetuzunguka, na katikati mnara wa homgadi, mlinzi wa serikali, mwenye bunduki na filimbi. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, baba yangu mmoja wao. Wanawake ndio waliochimba lile handaki, ndio waliolima, ndio walioteka maji, na ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu ndani. Mimi nilikuwa na kitu ambacho vijana wenzangu hawakuwa nacho, yaani barua ya shule. Kwa barua ile nilivuka daraja la handaki nikaenda zangu shuleni, nikarudi likizo, na hakuna aliyeniuliza. Bila barua ile ningekuwa ndani ya uzio pamoja na mbuzi. Kwa mtu mwenye miguu kama yangu, hebu fikirieni.

Sasa shuleni tulikuwa na mwalimu wa fasihi, mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku ya kufyeka nyasi. Alikuwa amesoma kitabu fulani kinene, akatufundisha kwamba ndani ya moyo wa kila binadamu, awe wa Embu awe wa Ulaya, wanaishi watu walewale wa kale: Shujaa anayekwenda kupigana, Zimwi anayemeza, Mzee wa Hekima anayeonyesha njia, Mama anayelea, na Msichana anayengoja kuokolewa. "Hadithi zote duniani zinawaita hao hao," alisema huku akigonga ubao. "Nendeni likizo, kila mmoja aniletee hadithi ya kwao, anionyeshe wako wapi." Atakayeandika vizuri kuliko wote angesoma mbele ya wageni siku ya wazazi, naye ndiye angependekezwa kwa nafasi ya kuendelea na masomo, na nafasi ilikuwa moja tu kwa darasa zima. Wengine wote, barua zao zilikuwa zinaisha mwezi ule.

Mimi nikaona mambo ni rahisi. Niliijua hadithi ya Cucu ya msichana aliyechukuliwa na zimwi akampikie kule msituni. Nikaandika kurasa nne safi, Msichana analia, kaka yake anakuja na mkuki, Zimwi anauawa, watu wote waliomezwa wanatoka, basi. Nikaisoma, nikajipenda. Halafu nikakumbuka jambo moja dogo, kwamba mwisho wa hadithi ile sikuwahi kuusikia. Tangu utotoni nilikuwa nikilala zimwi likiwa bado linanoa meno. Yule kaka na mkuki wake nilikuwa nimemtoa kichwani mwangu mwenyewe (nikampa hadi sura yangu), na mwalimu wetu alikuwa na tabia ya kuuliza, "Umeisikia kwa nani, na iliishaje?"

Nikamfuata Cucu uani, nikamwomba kwa sauti ya chini.

"Mume wangu mdogo," aliniambia (nyanya wa kwetu humtania mjukuu hivyo), "umetahiriwa juzi, leo unataka hadithi za mekoni? Nenda ukakae na wanaume."

"Wanaume gani, Cucu? Wako kizuizini."

"Basi kaa uwangoje."

Nilijua ana haki. Mwanaume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mamake wala kwa nyanyake kukaa mekoni, sembuse kusikiliza hadithi pamoja na watoto. Ningeweza kumbembeleza asimame mlangoni anisimulie mimi nikiwa nje. Ingetosha kabisa! Lakini nilikuwa na miaka kumi na saba na fahari ya suruali ndefu, nikaona aibu kubembeleza. Nikakata shauri dogo tu. Nilijua kwamba kwa sababu ya kafyu wanawake walikuwa wameacha desturi ya kusimulia usiku, wakawa wanakutana kwa Cucu saa kumi, wakitoka kwenye handaki, wanapika na kusimulia jua likiwa bado juu. Basi saa tisa, Cucu akiwa mtoni, nikaingia jikoni, nikapanda kwenye lile dari la fito lililo juu ya meko, pale kuni zinapokaushwa, nikalala kifudifudi.

Wakaja. Wanawake saba na watoto wao. Moto ukawashwa chini ya tumbo langu. Moshi ule, ndugu zangu! Macho yalitoka machozi, pua ikatoka yake, masizi yakanishika kwenye jasho nikawa mweusi mpaka ndani ya masikio, lakini nikavumilia kama mtu aliye mbele ya kisu cha tohara, kwa sababu Cucu alikuwa ameanza hadithi yenyewe. Zimwi likamchukua msichana. Msichana akalipikia uji wa wimbi, siku baada ya siku, akilichunguza, mpaka akajua kwamba nguvu zake zote zimo katika kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

"Na siku moja lililala," Cucu akasema, "msichana akachukua kile kisu chake kidogo cha kuvunia wimbi..."

"Na kaka yake je?" nikasema.

Naapa sikukusudia. Yalinitoka tu, kwa sauti kubwa, kutoka juu, kwa sababu nilikuwa na kurasa nne mfukoni na shujaa wangu alikuwa bado hajafika!

Vichwa saba vikainuka juu. Kisha Mama Igoki, jirani yetu, mwanamke mwenye mikono ya kuchimba handaki, akachukua mwiko akachoma dari kwa nguvu. Fito zikakatika. Nikashuka na kuni, na masizi, na mende wa miaka mitatu, matako yakatangulia kwenye chungu. Suruali ikapasuka kutoka mkanda wa nyuma hadi mkanda wa mbele. Watoto wakanitazama, mtu mweusi anatoka juu anafuka mvuke, wakakimbia nje wakipiga kelele, "Zimwi! Zimwi!" na homgadi juu ya mnara akapiga filimbi.

Hapo ndipo kicheko kilipokwisha. Wakati ule, mwanaume aliyejificha darini alikuwa na maana moja tu, mtu wa msituni. Na mwenye nyumba aliyemficha, nyumba ilichomwa na yeye akachukuliwa. Kabla sijapata hata pumzi, kijiji kizima kilikuwa uwanjani, homgadi wamemshika Cucu mikono yote miwili, na hedimani, mkuu wa kijiji, amesimama mbele yangu na fimbo. Mimi nimevaa leso ya Cucu kiunoni, ile yenye maua mekundu, kwa maana suruali haikuwa suruali tena.

"Ulikuwa unamficha nani, mama?" hedimani akamwuliza Cucu.

"Mjinga," Cucu akajibu. "Nyumba yangu ilikuwa na mjinga nami sikujua."

"Na wewe, ulikuwa unatafuta nini kule juu?"

"Hadithi, mzee."

Watu wakaangua kicheko, lakini hedimani hakucheka. "Mwanaume mzima? Jikoni? Hadithi?" Akatia mkono katika mabaki ya suruali, akatoa kurasa zangu. Alikuwa mtu mjanja, lazima nimpe haki yake. Akazisoma zote kimyakimya, kisha akamwita Mama Igoki pembeni, akamwuliza hadithi iliyokuwa ikisimuliwa iliishaje. Akarudi.

"Hapa umeandika kaka alimwua zimwi kwa mkuki. Mama Igoki anasema ni msichana, kwa kisu cha wimbi. Kama mlikuwa jikoni moja mkisikiliza hadithi moja, mbona miisho miwili? Mmoja wenu anadanganya. Nani?"

Nikamwangalia Cucu. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama paa la nyumba yake. Kurasa nne zile zilikuwa shule yangu na barua yangu, na mbele yangu walisimama wasichana wote wa rika langu. Nikavuta leso ikaze.

"Mimi ndiye mwongo, mzee," nikasema. "Hadithi hii nimesimuliwa mara mia, na kila mara nililala kabla ya mwisho. Kaka nilimbuni. Nilidhani lazima awepo."

"Basi imalize sasa. Hapa hapa."

Nikaimaliza. Msichana alikata kidole, nikasema, na watu wote waliomezwa wakatoka pale kidoleni, na ng'ombe, na mbuzi. Hapo nikakwama, maana hata hayo nilikuwa nayakisia tu; nilikuwa nimeanguka kisu kikiwa bado mkononi mwa msichana. Ndipo Mama Igoki akasema kwa sauti, akimwangalia hedimani usoni, "Na wanaume waliotoka wakauliza, nani ametuokoa? Wakajibiwa, ni yule aliyekuwa akipika."

Wanawake wote wakapiga vigelegele, vile vya kumpokea mtoto wa kike, na walipiga mpaka homgadi wa mnarani akashusha bunduki akacheka. Nikatazama uwanja ule, nikaona handaki lililochimbwa na nani, na mashamba yaliyolimwa na nani, na nikajiuliza shujaa wangu wa mkuki alikuwa amekitoa wapi kimo chake. Hedimani akakunja kurasa, akanirudishia. "Mwachilieni mama. Huyu hana akili ya kuwa mtu wa msituni."

Niliandika upya usiku na mchana, nimelala kifudifudi kwa sababu mnazozijua. Siku ya wazazi, pale Embu, nilisoma mbele ya wageni nikiwa nimesimama (kukaa ilikuwa bado kazi). Nilisema watu wa kale wa moyoni wapo kweli, lakini tumewavalisha nguo wenyewe: Shujaa anaweza kushika kisu cha wimbi, Mzee wa Hekima anaweza kuwa ajuza, na Msichana tunayedhani anangoja huenda anachunguza. Mwalimu akauliza, "Umeisikia kwa nani, na iliishaje?" Nikamjibu yote, pamoja na habari ya chungu. Ukumbi ulicheka hadi madirisha yakatikisika, na yeye mwenyewe akalegeza tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Nafasi ile moja nikapewa mimi.

Siku hizi nasikia wasomi wanawaita wale watu wa kale wa moyoni vikale, na ule ukaidi wa kuuliza mwanamke yuko wapi katika hadithi wameupa jina la ufeministi. Vizuri. Cucu hakuwa na jina la lolote katika hayo. Alikuwa na kisu cha wimbi, na dari lililobomoka ambalo nililijenga upya mimi, wiki nzima, nikiwa nje, napitisha fito mlangoni, na yeye akizipokea kwa ndani. Tangu hapo sijajificha tena mahali popote kusikiliza jambo ambalo ningeweza kuliuliza. Napiga hodi, nasimama mlangoni, na silali kabla ya mwisho.

Asubuhi niliyoondoka na barua mpya, alinisindikiza hadi kwenye daraja la handaki.

"Mume wangu mdogo, huko uendako, ukiulizwa nani alimwua zimwi?"

"Msichana, Cucu."

"Na kaka yake alifanya nini?"

"Aliungua matako."

"Haya," akasema, akinisukuma mgongoni nivuke. "Sasa unaijua yote."