Bwana wa Benchi na Milango ya Vioo

Wiki iliyopita nililetewa habari kwamba yule bwana wa benchi amefariki, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa sala. Lilikuwa uvumi. Niliamini kwa moyo wote, cheti changu cha shule ya jioni kikiwa ukutani, kwamba marehemu ni mpelelezi wa uhamiaji, na kwamba kile kituo kipya cha treni za chini ya ardhi alichokuwa akishinda kilijengwa kwa kazi hiyo. Ile milango ya vioo iliyopangwa ukingoni mwa jukwaa, inayofunguka treni ikishasimama, tuliambizana kuwa inapiga picha nyuso. Marehemu akifuta miwani tu, mlango ulio mbele yako unachelewa kufunguka, na huo ndio mwisho wako hapa Landani.

Msinicheke bado. Rafiki yangu mmoja wa Edmonton, kaskazini mwa jiji hili, ndiye aliyeuanza uvumi huo. "Mtu anakaa pale toka asubuhi, treni zinapita, hapandi hata moja. Anasubiri meli?" Nami, kwa kuwa ndimi msomi wa chama chetu cha watu wa nyumbani, nikautia chumvi: "Ukuta wa vioo mrefu kama kutoka Kariakoo hadi Ubungo, halafu uniambie ni wa kuzuia upepo?" Basi ukaenea. Wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi, wote wakawa wanapita pale wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sarafu.

Siku moja aliniona nikishuka ngazi za umeme. Akaondoa mfuko wake kitini, akapigapiga benchi. "Kaka, njoo ukae! Treni hizi haziishi leo!" Nikajifanya naongea na simu, nikatembea hadi ncha ya pili ya jukwaa, mbali kiasi kwamba nusura nidaiwe viza. Na mimi pasi ya nchi hii ninayo! Nilipogeuka, mfuko ulikuwa bado uko miguuni pake, na kiti cha kando yake kitupu.

Juzi, msiba ukiwa umekwisha, nilirudi pale nikakitazama kituo kama mtu mwenye macho. Dari limepinda, jeupe, taa zimefichwa zisikuumize macho. Korido ni pana, kona zimeviringishwa ili watu wasigongane. Hewa ni baridi, na kelele za treni zinabaki nyuma ya vioo. Kuna mtu alikaa mezani akachora vyote hivi akimfikiria mpita njia asiyemjua. Sisi tumepekuliwa kwenye madirisha mengi mno ya uhamiaji, hadi tukifanyiwa wema tunatafuta kamera. Hofu ile naielewa. Ila yule bwana wa benchi tulimjua. Wengine tulikula harusini kwake.

Lakini siku ya msiba nilikuwa bado nauamini uvumi, nikafika nimejaa maneno. Nyumba imejaa, wali unapakuliwa, nikamwinamia mjane nikamnong'oneza nikidhani namfariji: "Shemeji, pole sana. Ile kazi yake ya siri, sisi hatukumwekea kinyongo."

"Kazi gani?"

"Ile ya pale kituoni. Ya serikali."

Akaniangalia. Hakucheka, hakukasirika. Mwanamke aliyekuwa akipakua wali akasimamisha kijiko hewani, na mimi nikatamani sakafu ipasuke nishuke hadi kwenye reli.

"Shemeji," mjane akasema, kwa sauti iliyosikika chumba kizima, "mume wangu hakuwa na kazi yoyote. Magoti yalikuwa yamekwisha. Chama chenu mnakutana ghorofani, juu ya duka, hakuweza kupanda. Kule kituoni kuna lifti toka barabarani hadi chini. Akasema atakaa mahali mnapopita. Alikuwa anawasubiri nyinyi."