Lenzi Kubwa na Mikono ya Leonsia

Ipo siku moja ambayo hunijia bila kuitwa, mwanangu, hasa ninapoona mtoto ananyoosha mikono kumsalimia mgeni. Sijawahi kukusimulia. Mama yako Leonsia anaijua, maana alikuwepo, lakini na yeye hajakusimulia, na nadhani amenyamaza kwa kunistahi mimi dada yake. Sasa umenitumia kwenye simu picha za lenzi mbili na kuniuliza, "Mama mkubwa, nichukue ipi?" Ningeweza kukujibu kwa neno moja. Lakini neno hilo hilo niliambiwa mimi nikiwa na umri kama wako, na sikulisikia.

Unajua kwamba niliacha shule darasa la sita. Mama alifariki Leonsia akiwa bado ananyonya, na baba hakukaa sana nyuma yake. Tulibaki watatu pale kijijini Murungu: mimi, mjomba wako Yohana, na mama yako mgongoni kwangu. Nililima vibarua, nikafua nguo parokiani, na huko padri mmoja mzee akanifundisha kupiga picha. Aliporudi kwao aliniachia kamera yake. Ilikuwa ya aina hii uliyoipata wewe: huangalii kupitia lenzi, unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu, pembeni yake. Katikati ya kidirisha unamwona mtu akiwa na kivuli cha pili, nawe unazungusha lenzi polepole mpaka vile viwili viwe kimoja. Hapo ndipo umemlenga.

Ilikuwa na lenzi moja tu, ya kawaida. Kwa watu waliojipanga mbele ya kanisa ilitosha kabisa. Lakini ukitaka uso peke yake ilibidi umsogelee mtu mpaka usikie anavyopumua, na wazee wetu ukiwasogelea hivyo wanakaza shingo kama wanapimwa nguo. Nilihitaji lenzi ya kuvuta kidogo, ya milimita tisini, ili nisimame hatua chache pembeni, watu waendelee na mazungumzo yao.

Kasulu alikuwepo fundi saa, Mzee Zakaria, aliyekuwa pia akitengeneza na kuuza kamera kuukuu. Alikuwa na lenzi mbili, zote za milimita tisini, zinavuta sawasawa. Moja ilikuwa fupi, haizidi kikombe kidogo cha kahawa. Nyingine ilikuwa nene, nzito, na mbele ina kofia ya chuma ya kuzuia jua. Ile nene ilimeza mwanga mwingi zaidi.

"Chukua hii ndogo, binti yangu," akaniambia.

"Kwani hii kubwa ina ubovu gani?"

"Haina ubovu. Ila ukiifungua yote, tundu la mwanga likawa wazi kabisa, panapoonekana wazi ni pembamba kama kidole. Ukilenga pua, sikio limepotea. Halafu chungulia hapa." Akaifunga kwenye kamera yangu, akanipa. "Unaona kona ya chini, kulia, imekuwa nyeusi? Ni hiyo lenzi imeziba dirisha. Filamu inaona kilichopo pale. Wewe huoni."

"Nitazoea, mzee."

Akacheka. "Sawa. Wewe ndiye unayeibeba."

Nikueleze kwa nini sikusikia, ingawa hata leo uso unapata joto ninapoandika. Wiki chache nyuma nilikuwa nimepiga picha harusi moja Buhigwe. Tangu asubuhi nilikuwa na kamera yangu ndogo kifuani. Wakati wa kukata keki, mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Jamani, mpiga picha yuko wapi? Dada, pisha kidogo, mpiga picha apite!" Dada huyo ni mimi. Nikainua kamera kumwonyesha. Akasema, "Hicho si kiberiti?" Ukumbi mzima ukacheka, hata bibi harusi. Nilikuwa yatima aliyeacha shule, nalea watoto wawili, na kile kiberiti ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri kuliko watu wengine. Basi nilipoiona ile lenzi nene kwa Mzee Zakaria, sikufikiria nyuso nitakazopiga. Nilimfikiria yule mshereheshaji.

Sasa uelewe jambo moja. Mama yetu hakuwahi kupigwa picha. Hata moja. Mimi na Yohana tulikuwa naye vichwani mwetu, lakini Leonsia hakuwa na kitu. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule, na kila mara aliniuliza, "Dada, mama alikuwa anafananaje?" Nami nikamjibu, "Utamwona kwa Mama mdogo Spesioza." Huyo alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, sura moja, mpaka mwanya wa meno. Wazazi wetu walivuka kutoka Burundi zamani, yeye alikuja na vita vya baadaye akaishia kambi ya wakimbizi. Leonsia alikuwa hajamwona. Kisha tukasikia kwamba Mama mdogo amejiandikisha kurudi Burundi, na kwamba amepata kibali cha siku moja kuja Murungu kutuaga.

Nilimwandaa mama yako wiki nzima. Kwetu mtoto hamrukii mkubwa. Ananyoosha mikono yote miwili, anasubiri apokelewe, anashikwa juu ya viwiko, wanaulizana amahoro, yaani amani, taratibu, na mtoto haachii mpaka mkubwa aachie. Leonsia alifanya mazoezi na Yohana, na Yohana, mtundu yule, akawa anachelewa makusudi kumpokea ili aone kama atashusha mikono. Hakushusha. "Mimi nasubiri tu," alisema, "hata ukienda kuchota maji."

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekatika, mihogo imeanikwa upya, na Mama mdogo akashuka kwenye gari la mfanyabiashara wa maharage aliyekuwa anaelekea Kibondo. Dereva akamwambia, "Mama, mimi napakia magunia mawili tu pale kwa jirani. Nikipiga honi uwe tayari, kibali chako kisije kikaniponza."

Akaingia uani. Mwanangu, ilikuwa kama mama amerudi kutoka shambani. Yohana aligeuka ukutani akalia. Na mimi nikafanya nini? Nikakimbilia ndani kuchukua kamera.

Nilipotoka nayo Mama mdogo alishtuka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Watu wa kambini walikuwa wamechoka na kamera kubwa, kila gari la wageni linakuja na yake. Halafu akanitambua, akacheka. "Eh, mwana wanje, mwanangu! Hiyo ni kamera au kinu? Unataka kunitwanga?"

"Ni kamera, Mama mdogo. Shusha kitenge. Simama hapo hapo, usisogee."

"Nisisogee? Sijawasalimia hata watoto."

"Utawasalimia. Kwanza picha."

Nikaifungua lenzi yote, kwa sababu sikuibeba kutoka Kasulu ili niitumie nusu. Nikachungulia. Vivuli viwili vya uso wake vilikuwa vinakwepana. Nikazungusha mbele, nikarudisha nyuma. Yeye alikuwa anatazama chini, upande wangu wa kulia, na midomo yake ilikuwa inasema kitu.

"Niangalie mimi, Mama mdogo!"

"Lakini huyu..."

"Niangalie mimi kwanza! Usisogee!"

Aliniangalia. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikamwambia ageuke kidogo, nikalenga upya. Honi ikalia. Dereva hakuwa mtu mbaya, ila hakutaka kusimamishwa njiani na abiria ambaye kibali chake kimekwisha. Ikalia tena. Mama mdogo akamshika Yohana kichwani, akanishika mimi bega, akainama akamgusa Leonsia shavuni kwa kiganja, upesi upesi, kama mtu anayepapasa kitu gizani. "Imana ibarinde," akasema, Mungu awalinde. Akapanda gari. Hatukumwona tena. Alifia huko Burundi, nasi tukaja kupata habari watu wameshaondoa msiba.

Picha zilisafishwa kwa Mzee Zakaria. Alikuwa amezitandaza mezani nilipofika, ameinamia moja, hakunisalimia.

"Huyu mtoto ni nani?" akauliza.

"Mtoto gani?"

Akanisogezea. Katika ile kona ya chini, kulia, ile iliyokuwa nyeusi nilipochungulia, alikuwa amesimama Leonsia. Amenyoosha mikono yote miwili. Picha iliyofuata, yumo vile vile. Na iliyofuata. Katika zote anasubiri kupokelewa, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Uso wa Mama mdogo, ule uso nilioutaka, ni ukungu mtupu, nilikuwa nimelenga karibu mno. Kilichotoka safi, mpaka mikunjo ya vidole, mpaka udongo wa mihogo kwenye kucha, ni ile mikono.

Nilitamani meza ile inifunike.

Mzee Zakaria alifuta miwani yake. "Na mimi nina kosa," akasema. "Ile lenzi ilikuwa imenilalia dukani, nikakubali haraka uichukue. Lakini nikuulize, binti yangu, na usinijibu. Ulinunua lenzi ili umwone nani? Au uliinunua ili uonekane wewe?"

Nilirudi Murungu na zile picha ndani ya kanga, na njia nzima nilikuwa natafuta uongo wa kumwambia mtoto. Kwamba filamu iliungua. Kwamba jua liliingia. Nilipofika alikuwa amekaa kizingitini, amenawa uso ili aje kumwangalia mama yake. Nikashindwa kudanganya. Nikampa.

Alishika moja, akaiangalia. Kisha akasema, bila kununa, maana mama yako tangu utoto si mtu wa kununa: "Mikono yangu imetoka vizuri, Dada."

Mwanangu, nimelea, nimesomesha, nimemzika nani na nani, na bado sentensi hiyo ndiyo inayoniamsha. Picha ile iko kwenye Biblia ya mama yako mpaka leo. Ukiikuta, usimuulize. Sasa unajua.

Ile lenzi nilimrudishia Mzee Zakaria, nikachukua ndogo, na ndiyo niliyopigia maisha yangu yote. Basi jibu langu ni hili. Chukua ndogo. Jua la huku kwetu linaitosha, huna haja ya lenzi ya kumeza mwanga wote. Haizibi dirisha, kwa hiyo aliyesimama pembeni utamwona. Unapobana kidogo tundu lake la mwanga inakupa nafasi ya kukosea, ukiteleza kidogo katika kulenga, macho ya mtu bado yanabaki. Inaingia mfuko wa koti, na wazee wa Rungwe Mpya unaotaka kuwapiga picha hawatanyamaza ukifika nayo. Kabla ya kununua, ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, lenga bua la hindi lililo karibu, kisha uso wa rafiki aliye nyuma yake, safisha picha uone kama kilicho wazi ndicho ulichokilenga. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Kijana mwenye kamera kubwa atakucheka. Mwache acheke, siku yake ya kusafisha picha itafika.

Na hili ndilo kubwa kuliko lenzi. Ukifika kwa watu, kamera ibaki mfukoni mpaka umesalimia, na wao wamesalimiana wote, hadi mtoto wa mwisho. Mtu akikuambia "lakini huyu...", shusha kamera uangalie ni nani. Picha ikikupita, ikupite.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na jicho linalofika pembeni. Akuepushe na tamaa ya kuonekana iliyonipofusha mimi. Na kila utakayemnyooshea mikono, mwanangu, akukute bado unasubiri, akupokee.